Chura mwenye sura ya kichwa cha nyoka: kumwelewa chura mkubwa wa Kongo

Mtazame kwanza kutoka juu, kama anavyoonwa na ndege aliye tawini. Chini kuna majani makavu yaliyolowa, mengine yamepauka, mengine yameshaanza kugeuka mboji. Katikati ya majani hayo pana kitu chenye umbo la pembetatu, kinachokaribia kujaza kiganja cha mtu mzima. Juu kina rangi ya mchanga mkavu. Ubavuni rangi hiyo inakatika ghafla na kuwa kahawia iliyokolea, na mpaka kati ya rangi hizo mbili umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Mabegani kuna mabaka mawili ya giza, na mstari wa kahawia unashuka mgongoni. Hakisogei. Mtu aliyewahi kukutana na moma wa Gaboni atasisimkwa mwili kabla hajapata nafasi ya kufikiri, kwa sababu anachokiona ni kichwa cha nyoka huyo kilichotulia juu ya majani.

Kumbe ni chura. Chura mzima mwenye miguu minne, iliyokunjwa ubavuni kwenye ile sehemu yenye rangi ya giza ili isionekane. Jina lake la kisayansi ni Sclerophrys channingi, nasi tutamwita chura mkubwa wa Kongo, maana anaishi katika misitu ya mvua ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa zaidi ya miaka 100 wanasayansi walikuwa na vyura wa aina hii kwenye chupa za spiriti katika majumba ya makumbusho. Waliwapima, wakahesabu vidole, wakachora tezi zao. Hata hivyo jambo la ajabu kuliko yote juu yao halikuelezwa kwa ukamilifu hadi mwaka 2019. Kwa maoni yangu ucheleweshaji huo una sababu moja kubwa: chura huyu haeleweki akiwa peke yake mezani. Anaeleweka anapowekwa karibu na jirani yake wa msituni, na jirani huyo ni mmoja wa nyoka wa kuogofya kuliko wote Afrika.

Jina moja, vyura watatu

Tuanze na jina, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapotea. Mwaka 1888 George Albert Boulenger, mtaalamu mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, alimweleza chura mkubwa aliyeletwa kutoka Rio del Rey, pwani ya Kamerun. Alimwita Bufo superciliaris. Neno hilo la pili linatokana na Kilatini na linahusu nyusi, kwa sababu kope la juu la chura yule lilikuwa na ncha iliyochongoka kama kijipembe.

Tangu hapo karibu kila chura mkubwa mwenye mgongo wa rangi ya majani makavu, kuanzia Côte d'Ivoire hadi mashariki mwa Kongo, alihesabiwa kuwa ni yuleyule. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa mmoja, Mocquard, alimpa yule wa Côte d'Ivoire jina la chevalieri, lakini jina hilo likaja kuonekana si la lazima na likawekwa kando. Chura wa Kamerun, wa Côte d'Ivoire na wa Kongo wakabaki chini ya jina moja.

Mwaka 2011 ndipo kundi la watafiti, Michael Barej na wenzake, walipowatoa tena vyura hao kwenye rafu, wakawapima upya na kulinganisha pia vinasaba vyao. Waliona kwamba vyura wa mashariki mwa Kongo wametengana vya kutosha na wale wa Kamerun hadi kustahili kuwa spishi yao wenyewe. Wakaiita channingi kwa heshima ya Alan Channing, mtaalamu wa vyura wa Afrika Kusini. Wale wa Afrika Magharibi walirudishiwa jina la chevalieri, ila kama nususpishi tu, yaani tawi dogo ndani ya spishi, ya superciliaris.

Jina la kwanza, yaani la jenasi, nalo limehamahama. Vyura hawa walianza wakiwa Bufo, kama karibu vyura wote wa familia ya Bufonidae duniani. Mwaka 2006 wengi wa Afrika walihamishiwa kwenye jenasi ya Amietophrynus, iliyopewa jina la Jean-Louis Amiet aliyetumia miaka mingi kuchunguza vyura wa Kamerun. Baadaye ikagundulika kwamba kulikuwa na jina la zamani zaidi, Sclerophrys, lililotungwa mwaka 1838 kwa chura wa kundi hilohilo. Kanuni ya majina ya wanyama inampa haki aliyetangulia, basi Amietophrynus likaachwa. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani ukakuta Bufo superciliaris wa Kongo, kisha orodha nyingine ikasema Amietophrynus channingi, na makala mpya ikasema Sclerophrys channingi, ujue wote hao ni mnyama mmoja.

Asichanganywe tu na chura Goliath wa Kamerun na Guinea ya Ikweta, yule anayepita kilo 3 na ambaye ndiye mkubwa kuliko vyura wote walio hai. Goliath ni wa familia nyingine kabisa, ana ngozi ya kuteleza na hukaa kwenye mito yenye maporomoko. Chura wetu ni wa nchi kavu, wa sakafu ya msitu.

Mwili wake

Vyura wakubwa wa kundi hili hufikia takriban sentimeta 16 kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili, miguu bila kuhesabiwa. Amerika ya Kusini wapo wanaowazidi, lakini kwa Afrika hao ni miongoni mwa vyura wakubwa kabisa wa familia yao.

Ukubwa si jambo la kwanza linaloshangaza ukimkaribia. Ni ngozi. Vyura wa familia hii, akiwamo yule anayeingia barazani usiku wa mvua kufuata wadudu wa taa, wana ngozi iliyojaa vipele na vinundu. Chura mkubwa wa Kongo ana mgongo laini, kama umepigwa pasi. Nyuma ya macho kuna tezi za parotoidi, mifuko miwili ya sumu ambayo kwa vyura wengine imetuna kama maharage. Kwake yeye zimelala katika ule ukingo wa ubavu unaotenganisha rangi mbili, zikaungana na umbo lote. Hakuna kinachojitokeza na kuharibu ile pembetatu. Kumbuka ulaini huo, tutaurudia, kwa sababu nadhani ndani yake kuna ushahidi kuliko hata rangi.

Maisha yake ya kila siku yanafanana na ya ndugu zake: hukaa kimya kwa muda mrefu, hula wadudu na viumbe wengine wanaopita karibu, na huhitaji maji ili kuzaa, kwa kuwa mayai ya jenasi hii hutagwa majini yakiwa katika nyuzi ndefu za utelezi, na viluwiluwi hukulia humo kabla ya kuota miguu na kupanda nchi kavu. Kutulia kwake ndiko kunakohusika zaidi na habari hii. Mnyama anayekaa wazi juu ya majani, asiyeweza kukimbia kwa kasi na ambaye ni mnono kiasi hicho, ana kila sababu ya kuliwa.

Jirani anayeigwa

Moma wa Gaboni, Bitis gabonica, ni ndugu wa moma wa kawaida, yule ambaye sehemu nyingine huitwa kifutu au bafe. Anapatikana katika misitu ya Afrika ya Kati, na anaenea hadi Uganda, Tanzania, Msumbiji na kwingineko kusini. Ni mnene kuliko urefu wake unavyodokeza, na meno yake ya sumu yanaweza kufikia sentimeta 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Akigonga huingiza sumu nyingi kwa mara moja.

Kichwa chake ni kipana, cha pembetatu, bapa na cha rangi iliyopauka, na katikati yake hupita mstari mwembamba wa giza. Chini ya macho rangi inageuka kuwa kahawia nzito. Mwilini ana mapambo ya pembe nne na pembetatu za kahawia, zambarau na rangi ya mchanga, yaliyopangwa kama mkeka uliosukwa. Juu ya zulia la manyoya mapambo hayo yangeng'aa. Juu ya majani makavu ya msituni yanapotea kabisa. Huyu ni mwindaji wa kuvizia: hulala pale pale saa nyingi akisubiri mnyama mdogo apite, na tabia yake ya upole imewafanya watu wengi wampite bila kujua.

Sasa walinganishe. Pembetatu kwa pembetatu. Mgongo uliopauka wa chura kwa utosi uliopauka wa nyoka. Mstari kwa mstari. Ubavu wa giza kwa shavu la giza, na ule mpaka mkali kati yao. Hata ukubwa unakaribiana, maana chura mzima aliyekomaa analingana na kichwa cha moma mkubwa. Chura haigizi nyoka mzima, anaigiza kichwa tu, na kichwa ndicho sehemu ambayo hakuna mnyama anayetaka kuikosea.

Zaidi ya sura, kuna vitendo. James Chapin, Mmarekani aliyekuwa Kongo pamoja na Herbert Lang katika safari ya kisayansi ya jumba la makumbusho la New York kati ya 1909 na 1915, aliona chura huyu akifanya jambo la ajabu alipotishwa: aliacha kujiegemeza kwa miguu ya mbele, kifua kikashuka, kichwa kikainama. Katika mkao huo anafanana na kichwa cha nyoka kilichoinamishwa tayari kugonga. Miaka mingi baadaye Chifundera Kusamba, mtafiti wa Kongo kutoka kituo cha sayansi asilia cha Lwiro, Kivu Kusini, alisikia chura wa aina hii akitoa sauti ya kufoka, kama hewa inayotoka polepole kwenye puto. Moma wa Gaboni naye hufoka hivyo anapoonya kwamba umemkaribia mno.

Nina heshima kubwa kwa ushuhuda wa namna hii. Chupa ya spiriti haifoki. Chura aliyekufa hatikisi kichwa wala hakishushi. Sauti ile ilipatikana kwa mtu aliyekuwa msituni, aliyeinama karibu na kumsikiliza mnyama aliye hai.

Chapin mwenyewe anastahili neno moja la ziada. Mwaka 1913 aliona katika kofia ya mtu mmoja huko Ituri unyoya wa ndege asiyemtambua. Akauhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa na kuandikwa kuwa tausi wa kufugwa, na unyoya wake ukalingana nao. Ndipo dunia ya sayansi ilipomjua tausi wa Kongo. Ndege alikuwa msituni siku zote, hata makumbusho alikuwamo, ila chini ya kibandiko cha ndege mwingine. Chura wetu amepita njia hiyohiyo.

Kuiga bila kukusudia

Wazo la kwamba mnyama asiye na hatari anaweza kujikinga kwa kufanana na mwenye hatari linaitwa uigaji wa Bates. Henry Walter Bates, Mwingereza, alikwenda Amazoni mwaka 1848 pamoja na Alfred Russel Wallace na akakaa huko miaka 11. Huko aliona vipepeo wa kundi moja ambao ndege wanaweza kuwala, wakiwa wamevaa rangi zilezile za vipepeo wa kundi jingine ambao ladha yao ni mbaya. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1862, miaka michache tu baada ya Darwin kueleza uteuzi asilia, na yakawa miongoni mwa mifano ya mwanzo iliyolipa wazo hilo nguvu.

Ni rahisi kuelewa vibaya hapa. Chura hajui kwamba anafanana na nyoka. Hakuna chura aliyemtazama moma akaamua kumwiga. Kilichotokea ni hesabu ya vizazi vingi. Fikiria vyura wa zamani wa msitu ule, wote wakiwa na rangi ya majani, lakini kila mmoja akitofautiana kidogo na mwenzake. Mmoja ana ubavu uliokolea zaidi kidogo. Mwingine ana vipele vichache mgongoni. Nguchiro anapita, anasita mbele ya mmoja kwa nukta moja tu, na kusita huko kunatosha yule chura asiliwe siku hiyo. Anaishi, anataga, watoto wake wanarithi ule ubavu. Rudia hivyo kwa mamilioni ya miaka. Kila kusita kwa adui ni kama pigo moja dogo la patasi, na sanamu inachongwa na macho ya wale wanaotaka kula.

Ndiyo maana uigaji hauhitaji kukamilika. Chura huyu bado ana macho yake ya chura na miguu yake ya chura, na ukimtazama kwa utulivu unamtambua. Lakini nani ana nafasi ya kutazama kwa utulivu? Kipepeo mwenye ladha mbaya humfunza ndege kwa kumtapisha, na ndege huyo anaishi na kujaribu tena kesho. Kosa juu ya moma wa Gaboni halina kesho. Kadiri gharama ya kukosea inavyokuwa kubwa, ndivyo mfanano mdogo unavyotosha kumfukuza adui, kwa sababu kupoteza mlo mmoja ni afadhali kuliko kupoteza uhai.

Ana sumu yake, ya nini kuazima ya mwingine?

Swali hili ni la haki. Vyura wa familia ya Bufonidae wana sumu inayoitwa bufadienolidi, inayoshambulia pampu ndogo za seli zinazosafirisha sodiamu na potasiamu. Pampu hizo zikizuiwa, moyo unavurugika.

Ili kuona nguvu ya sumu hiyo, tazama Australia. Mwaka 1935 vyura wakubwa wa Amerika waliletwa Queensland kutoka Hawaii ili wale mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa. Australia haikuwa na vyura wa familia hii. Kenge na wanyama wengine walipowashika na kuwala, walikufa kwa wingi.

Afrika ni tofauti. Hapa vyura hawa na maadui wao wameishi pamoja kwa mamilioni ya miaka. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kenge wa Afrika na Asia, tofauti na wale wa Australia, wana mabadiliko madogo kwenye ile pampu ya seli yanayoizuia sumu isishike. Kuna hata nyoka wa jenasi ya Causus ambao vyura wa familia hii ndio chakula chao kikuu. Katika mazingira hayo, kuwa na sumu ya chura si kinga ya kutegemewa. Adui ameshajua namna ya kuivuka. Lakini kuivuka sumu ya chura hakumsaidii chochote mbele ya meno ya sentimeta 5.

Je, si majani tu?

Tufikie pingamizi ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko yote. Moma wa Gaboni na chura huyu wote wanaishi juu ya majani makavu. Wote wanajificha humo. Vitu viwili vikifanana na kitu cha tatu, lazima vitafanana vyenyewe kwa vyenyewe. Je, si kweli basi kwamba chura anaiga jani, nyoka anaiga jani, na sisi tumeona uhusiano ambao haupo?

Pingamizi hilo lina mashiko. Jani lililoanguka lina mstari katikati, lina ncha, upande mmoja umepauka na mwingine umekolea. Rangi za moma zimetengenezwa kwa ustadi wa kujificha hivi kwamba kwa jamaa yake wa Afrika Magharibi, Bitis rhinoceros, watafiti walionyesha mwaka 2013 kuwa mabaka yake meusi yana vijimuundo visivyoonekana kwa macho vinavyomeza mwanga. Kuna vyura wengi pia wanaofanana na majani bila kufanana na nyoka yeyote.

Mwaka 2019 Eugene Vaughan na Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, pamoja na Kusamba na wenzao, walitoa hoja yao wakiwa na miaka 10 ya kazi za porini nchini Kongo na vielelezo vya makumbusho. Waliita jambo lao uigaji unaoshukiwa, na neno hilo "unaoshukiwa" nimelipenda kwa uaminifu wake. Hoja zao, zikipangwa kando ya pingamizi la majani, zinakwenda hivi.

Kwanza ramani. Nyoka anaenea eneo kubwa sana la Afrika. Chura yuko ndani ya eneo hilo, katika misitu ya Kongo, na pale alipo chura nyoka naye yupo. Hivyo ndivyo uigaji unavyopaswa kuwa, maana kinga ya kuazima haifanyi kazi mahali ambapo mwenye nayo hajulikani. Majani makavu peke yake yasingedai mpangilio huo. Pili umri: makadirio yanaonyesha kwamba wote wawili walitokea takriban wakati mmoja, mwanzoni mwa kipindi cha Pliosini, miaka milioni 4 hadi 5 iliyopita. Hilo halithibitishi kitu, lakini linatoa muda wa kutosha kwa patasi niliyoitaja kufanya kazi.

Tatu, na hapa ndipo mimi ninaposhawishika, ni ile sauti na ule mkao. Jani halifoki. Chura anayetegemea kufanana na jani anapaswa kunyamaza na kutulia hadi dakika ya mwisho, kisha aruke. Huyu anapogunduliwa hutoa sauti ya nyoka na kuinamisha kichwa kama nyoka. Kufanana na majani ni kinga ya kutoonekana, kufoka ni kinga ya kuonekana. Mnyama mmoja anaweza kuwa na zote mbili, moja ikianza pale nyingine inapoishia. Nne ni ule ulaini wa ngozi. Vipele vingemsaidia chura kupotea kwenye sakafu ya msitu iliyojaa makunyanzi, kama vinavyowasaidia vyura wengi. Yeye ameachana navyo, na kilichobaki ni mgongo bapa ulionyooka kama utosi wa moma.

Kinachokosekana ni jaribio. Watafiti hawakumweka adui mbele ya chura kuona kama atasita. Njia ya kufanya hivyo inajulikana na si ghali. Unafinyanga viumbe vya plastisini, ule udongo laini wa kuchezea, vingine vikiwa na mapambo ya mnyama wa hatari na vingine vya rangi moja tu, unavitandaza msituni, kisha unarudi baada ya siku kadhaa kusoma alama. Plastisini inahifadhi kila kitu: mdomo wa ndege unaacha mchubuko wa pembe mbili, meno ya mnyama mdogo yanaacha vijishimo vilivyopangana. Mwaka 1993 Edmund Brodie alichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyo huko Costa Rica, na ndege walikwepa mifano iliyokuwa na pete za rangi za nyoka wa matumbawe. Mwaka 2004 Wolfgang Wüster na wenzake walionyesha kwamba hata mapambo ya nyoka wa Ulaya wa jamii ya moma, ambayo hayana rangi kali za kung'aa, yaliwafanya ndege washambulie kidogo. Hilo la pili linahusu sana habari yetu, kwa sababu watu walikuwa wakidhani onyo lazima liwe jekundu au la njano. Kahawia na mchanga navyo vinaweza kuonya, mradi mtazamaji anajua ni vya nani.

Na je, wakazi wa misitu ya Afrika wanajua? Katika msitu wa Budongo, Uganda, watafiti waliweka mifano ya moma wa msituni kwenye njia za sokwe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba sokwe aliyeuona mfano alitoa mwito wa tahadhari, na zaidi pale wenzake walipokuwa hawajauona. Sokwe si adui mkuu wa vyura, na silihesabu jaribio hilo kama uthibitisho wa uigaji. Linathibitisha kitu kilicho chini yake: picha ya nyoka huyu ina maana kwa macho ya msituni, hata ikiwa haisogei na haina harufu.

Mfano mwingine wa karibu upo Afrika Mashariki. Kuna nyoka wa jenasi ya Dasypeltis anayekula mayai tu, hana sumu wala meno ya maana. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake ubavu kwa ubavu hadi yatoe mlio kama wa nyoka wa jamii ya moma, ambao pia anafanana nao mapambo. Huyo ni nyoka anayemwiga nyoka. Kwa chura kuruka mpaka wa namna hiyo, kutoka amfibia hadi mtambaazi, ni jambo la nadra sana, na ndiyo sababu makala ile ya 2019 iliwashtua wengi.

Ulinzi wa karatasi na ulinzi wa msitu

Chura huyu alipata ulinzi wa kimataifa kabla hajapata jina lake. Mwaka 1975 Bufo superciliaris aliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kile kinachopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliochukuliwa porini. Spishi zilipotenganishwa, channingi naye aliendelea kuwamo kwenye kiambatisho hicho kwa jina lake jipya. Chura mkubwa, mzuri na wa ajabu kama huyu angetamaniwa na wafugaji wa wanyama wa kigeni, kwa hiyo ulinzi huo si wa bure.

Lakini mkataba huo unahusu mipaka ya nchi. Hauzuii shoka, shimo la mgodi wala tanuri la mkaa ndani ya msitu. Miti mikubwa ikiondoka jua linafika chini, majani yanakauka na kuoza haraka, sakafu inakuwa udongo mtupu wenye magugu. Chura wa rangi ya majani makavu juu ya udongo mwekundu anaonekana kutoka mbali.

Kuna jambo jingine linalofuata kutokana na hayo yote tuliyoyaeleza. Kama watafiti wako sahihi, chura huyu hahitaji msitu peke yake, anahitaji msitu wenye moma. Watu wakiua kila moma wanayemkuta kwenye eneo fulani, baada ya muda nguchiro na ndege wa hapo watakua bila kuwahi kujifunza kumwogopa. Chura atabaki na mgongo wake uliopigwa rula, atafoka kama kawaida, atainamisha kichwa, na mbele yake atakuwa amesimama mnyama asiyejua kwamba hiyo ni sura ya nani.